Kompyuta mbili, disk moja, na siku shemeji yangu aliposikia redioni kwamba amemuacha dada yangu

Wakuu, nawasalimu wote, mliokaa na mliosimama.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo nimeona kijana mmoja kwenye uzi wa mambo ya kompyuta akilalamika kwamba mafaili yake yanachanganyikana yenyewe, na wajuvi wamemjibu "hiyo inaitwa race condition, soma". Basi nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia kama ninaumwa.

Najua kuna mtu ataandika "chai". Aongeze na sukari kabisa, kwa sababu haya yalitokea, na wahusika karibu wote wapo hai na bado hawajanisamehe vizuri.

Mimi ni mtu wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Elimu yangu ni ya sekondari, tena niliimaliza kwa huruma ya walimu. Na ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikwenda Kampala, wengine Dubai, mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye maharage ya mama. Mkumbuke hayo maharage, yatarudi.

Ilikuwa miaka ya vita. Wakati ule kila mji ulikuwa na wakubwa wake na kila wakubwa walikuwa na vizuizi vyao barabarani. Ukitoka Butembo kwenda kusini, Lubero, Alimbongo, Kayna, hujui utakuta bendera gani. Simu hakuna. Barua inafika kama mwenye kuibeba anafika.

Kwa hiyo kilichokuwa kinaunganisha watu ni redio. Ninyi mnajua redio kwa muziki na mpira. Sisi tulikuwa na communiqué, matangazo ya familia. "Fulani aliye Kyavinyonge anajulisha mama yake kwamba amefika salama." "Familia fulani inaomba mtoto wao arudi, baba amelazwa." Saa kumi jioni mji mzima unanyamaza. Hata wanaogombana wanasimama kidogo, wasikilize, halafu waendelee.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa redio moja ndogo pale kilimani.

Tulikuwa wawili. Mimi nilipiga matangazo ya familia na makanisa. Maman Kavira alipiga matangazo ya masoko, maduka na vitu vilivyopotea. Maman Kavira alikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, mama wa sheria. Ukimwambia saa mbili, anafika saa mbili kasoro, halafu anakuangalia wewe uliyefika saa mbili.

Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, zile za zamani za skrini nyeusi na herufi nyeupe. Lakini disk ya kuhifadhia ilikuwa moja tu, kaboksi ka buluu kenye kelele. Na printa ilikuwa imefungwa kwenye mashine ya Maman Kavira peke yake.

Sasa disk moja itatumikaje na mashine mbili? Fundi mmoja wa Beni alituwekea katikati ya meza kisanduku chenye kifundo cha kuzungusha. Ukikipeleka kushoto, disk ni yangu. Ukikipeleka kulia, disk ni ya Maman Kavira. Akatuongezea na programu ya kuharakisha, ili mashine isikawie kuhifadhi. Chef, yaani mkuu wa redio, alifurahi, akaita watu waje waone.

Tukafanya kazi hivyo. Mimi napiga, nahifadhi, nasema "tayari", Maman Kavira anazungusha kifundo, anahifadhi yake, anakirudisha kwangu kama nina nyongeza, anakivuta tena, anachapisha ya wote, karatasi inapelekwa kwa msomaji.

Niseme ukweli, mara nyingi Maman Kavira alikuwa anauliza "tayari?" huku mkono umeshazungusha. Lile swali lilikuwa la adabu tu.

Shida ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha.

Siku moja msomaji wetu, mtu mwenye sauti nzito ambaye angesoma hata bei ya chumvi kama Injili, alisoma hivi, bila kutikisika:

"Vijana wa kwaya wanaombwa kufika mazoezini Alhamisi saa tisa, kila mmoja awe na doa jeusi mgongoni na sikio la kushoto lililokatwa. Atakayemuona amfunge kamba na kutoa habari kwa mwenyewe."

Mji ulicheka wiki nzima. Wanakwaya wakipita sokoni watu walikuwa wanawakagua masikio. Padri hakucheka. Mwenye mbuzi aliyepotea naye hakucheka.

Chef alituita. Mimi nikamwangalia Maman Kavira, Maman Kavira akaniangalia mimi.

"Chef, huyu anapiga na njaa," akasema. "Kichwa yake iko kwa maharage kutoka saa nne."

Ya maharage ilikuwa kweli. Nikakubali kosa. Wakuu, nilikubali kosa ambalo sikulifanya, ndivyo nilivyokuwa mvivu wa kufikiri.

Sasa shida ya pili.

Dada yangu mkubwa ni Masika. Alikuwa amechumbiwa na Kambale, kijana msaidizi wa lori, anayepanda juu ya mizigo na kushuka kusukuma. Ukoo wa Kambale ulikuwa umeshaleta mbuzi wawili wa kubisha hodi, na walifungwa nyuma ya jiko letu. Waliobaki walikuwa waje na Kambale mwenyewe.

Halafu barabara ikafungwa. Kambale akakwama Alimbongo na lori lake, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Masika akawa anapika chakula kikiwa na chumvi leo, kesho hakina.

Mwishowe ikanifikia karatasi ofisini, imeletwa na muuza vitunguu. Ni Kambale. Anasema lori limekwama, yeye ni mzima, wasife moyo, Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na mjomba wake kumaliza mambo. Nikaipiga kwa mikono yangu miwili, kwa furaha. Nikakimbia nyumbani, nikawaambia kaeni karibu na redio, kuna kitu. Sikusema ni nini. Nilitaka kuona sura zao.

Niliziona.

"Kambale, aliye Alimbongo, anajulisha familia ya Mzee Paluku wa Butembo, pamoja na binti yake Masika, kwamba kuanzia leo hana tena uhusiano wowote nao. Vitu vilivyobaki vifuatwe kabla ya Jumamosi. Asiyefika asilaumu mtu."

Masika aliweka mwiko chini taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango bila kuupiga. Angeupiga, nisingeumia vile.

Baba akaizima redio.

Nikaanza kueleza. "Papa, ile hapana njo niliandika. Niliandika kama anakuja."

"Weye uliandika?"

"Ndiyo, papa."

"Na mikono yako?"

"Na mikono yangu."

"Basi karatasi yake iko wapi?"

Hapa ndipo nawaomba wakuu msinicheke sana. Zile karatasi za wateja, zikishapigwa, mimi nilikuwa nazibeba nyumbani kwa mama za kuwashia makaa. Ushahidi wangu wote ulikuwa chini ya maharage, na maharage yalikuwa yameiva vizuri.

Baba akaonyesha nyuma ya jiko kwa kidole. "Jumamosi ile mbuzi zinarudi kwa benyewe. Mi siko mutu ya kukalia vitu ya mutu mwenye amenikataa mu redio."

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na siku sita.

Mtauliza, kwa nini hawakudhani ni Kambale mwingine? Kwetu Wanande majina ni ya mpangilio wa kuzaliwa. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, mimi ni Kakule, wa nne. Ukiita "Kambale" sokoni Butembo, biashara inasimama. Kwa hiyo tangazo likichanganyika, majina bado yanakaa sawa kabisa, hakuna anayeshtuka. Lakini hapa palitajwa Alimbongo, Paluku na Masika pamoja. Hakukuwa na pa kujificha.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya Maman Kavira, jambo ambalo lilimuudhi siku nzima.

Nikafungua faili langu. Mwanzo ni maneno yangu. Halafu ghafla ni maneno ya duka moja lililokuwa limemfukuza muuzaji wake: "kuanzia leo hana tena uhusiano wowote nao". Nikafungua faili la Maman Kavira la siku ile. Tangazo la duka lipo, zima, safi. Maneno ya Kambale hayapo popote. Yamekufa.

Nikatafuta karatasi ya kwaya na mbuzi. Chef alikuwa ameitunza kama kielelezo cha uzembe wangu.

Nikaona kitu. Matangazo yote mawili yalikatika mahali pamoja, chini ya katikati ya ukurasa. Nikaanza kuhesabu herufi kwa kidole, pamoja na nafasi. Maman Kavira akanikuta nimefika elfu moja na kitu.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Kakule, kazi haiko?"

Nikapotea, nikaanza upya. Faili la kwanza: herufi elfu mbili na arobaini na nane. Faili la pili: elfu mbili na arobaini na nane. Mtu mwenye njaa anakosea, lakini hakosei mahali pale pale mara mbili kwa herufi.

Ikabidi niende Beni kwa yule fundi. Wakuu, kwa wengine Beni ni karibu, kama kilomita hamsini na kitu. Kwangu mimi ilikuwa hija. Mama alinifungia chakula cha siku tatu, nikakimaliza kabla ya kizuizi cha pili.

Fundi alinisikiliza akiwa amelala chini ya meza ya mteja, miguu tu ndiyo ilikuwa inazungumza nami.

"Disk iko muzima," miguu ikasema. "Ni ninyi munaitumia mubaya."

"Lakini inakata mahali pamoja."

"Normal. Disk imegawanywa parcelles. Kila parcelle inaingia herufi elfu mbili na arobaini na nane. Faili ikiwa ndefu, inapewa parcelle ya pili. Kuko registre, daftari yenye inaandika parcelle gani iko ya nani. Mashine inasoma registre, inaiweka mu kichwa yake, donc inafanya haraka."

"Mashine zote mbili?"

"Zote mbili."

"Kila moja na registre yake mu kichwa?"

Miguu ikajikunja. "Mais normal," ikasema, na kutoka hapo ikawa na kazi nyingi.

Nikarudi Butembo juu ya magunia, nikifikiri juu ya lile neno parcelle, kiwanja. Mtu wa Butembo haelezwi mara mbili habari za kiwanja. Kwetu kiwanja kimoja kinaweza kuuzwa na chifu huyu asubuhi na chifu yule mchana, kila mmoja na daftari lake, na wote wawili wana mhuri. Baba yangu mwenyewe alishapata kiwanja, akajenga jiko, akakuta mwenzake anachimba choo ndani yake.

Nikasema, hapo hapo juu ya magunia, kwa sauti: "Kavira amenichimbia choo mu jiko."

Abiria wenzangu wakanipisha nafasi zaidi.

Niwaeleze taratibu. Mimi nahifadhi. Mashine yangu inaniambia "tayari", kumbe maneno imeyaweka kwenye disk, lakini kwa ile programu ya kuharakisha bado imeshika daftari mkononi, haijaliandika. Ni kama mtu unayemtuma barua, unamuuliza umepeleka, anasema ndiyo, na barua iko mfukoni. Maman Kavira anazungusha kifundo. Mashine yake inaangalia daftari lake, inaona kiwanja kitupu, inajenga. Kifundo kikirudi, mashine yangu inaandika daftari lake la zamani, na kiwanja kile kinabaki kwa jina langu ingawa ndani yake ni maneno ya Maman Kavira. Kiwanja kimoja, wenyewe wawili. Tukienda polepole hakuna shida. Tukikimbizana, kwaya inaota doa jeusi.

Nilirudi nyumbani Alhamisi nikiwa na furaha ya mwanasayansi. Nikamweleza baba yote, viwanja, daftari, barua mfukoni.

"Unasema mashine inasema uongo."

"Hapana uongo, papa. Inachanganya."

"Mutu anachanganya. Karatasi ikitoka, imetoka."

Ijumaa asubuhi Kambale akatokea, kwa miguu, na mjomba wake Mzee Mbusa, mzee mfupi mcheshi mwenye koti refu. Kumbe hewa ilikuwa nzuri siku ile, na redio yetu ilifika mpaka Alimbongo. Kambale alikuwa amekaa juu ya gurudumu, anakula mahindi, akasikia kwamba amemuacha mchumba wake.

Akaanza kutembea hapo hapo.

Na askari wa vizuizi nao walikuwa wasikilizaji wetu. Kila kizuizi wanasoma jina kwenye karatasi yake ya njia: "Yo nde Kambale? Njo weye ile ya redio?" Wanamchelewesha, wanamuita mwenzao aje amuone, wanamshauri kuhusu ndoa. Kimoja walimfanya afagie kwanza, kwa niaba ya Masika.

Baba hakumpa mkono. Masika alichungulia dirishani, akaona viatu vya Kambale vilivyokwisha, akarudi ndani. Lakini chakula cha mchana kilikuwa na chumvi sawasawa.

Mzee Mbusa ndiye aliyepata wazo. "Mukwe," akamwambia baba, "tuende tuone ile mashine. Weye utasema yako, mi nitasema yangu. Ikichanganya, mutoto iko na haki. Ikikosa kuchanganya, tunabeba mbuzi zetu na tunaenda."

"Sawa," akasema baba. "Na itakayotoka mu karatasi, mi nitatia signature."

Alisema kwa kejeli. Mzee Mbusa aliitikia kwa kichwa, akagusa mfuko wake wa koti kuhakikisha kalamu ipo.

Tukapanda kilimani wote, na Masika nyuma, akisema anaenda kununua chumvi.

Nilihofia baba hatafikisha herufi elfu mbili na arobaini na nane. Hofu ya bure. Baba alianza na babu wa babu yake. Nilipiga ukurasa mzima hajafika kwenye ndoa. Upande wa pili Mzee Mbusa anamwambia Maman Kavira maneno ya asali, na Maman Kavira anayapiga akiwa amekaza mdomo.

Nikahifadhi. "Tayari." Maman Kavira akasubiri. Akaniangalia. Akauliza, "Tayari kabisa?" Akazungusha kifundo kama mtu anayefungua tabernakulo.

Karatasi zikatoka. Safi. Ya baba ni ya baba, ya Mbusa ni ya Mbusa.

"Unaona," akasema baba. "Mashine iko muzima. Njo weye uko mugonjwa."

Tukarudia. Safi tena. Kambale alikuwa ameegemea ukuta, anaangalia viatu vyake. Masika alikuwa mlangoni, hana hata senti ya chumvi mkononi.

Wakuu, mtu yeyote aliyewahi kumpeleka fundi mashine mbovu ikafika ikafanya kazi vizuri, ananielewa.

Ndipo nikaona tatizo. Tatizo lilikuwa adabu. Mbele ya wazee, Maman Kavira alikuwa anasubiri kweli. Mashine ilikuwa inapata muda wa kumaliza. Ili niipate ile shida, nilihitaji Maman Kavira wa kila siku.

Nikaomba mara ya tatu, ya mwisho. Nikapiga. Na kabla ya kuhifadhi nikasema polepole, kama najisemea:

"Maman Kavira, nasikia groupe inakohoa. Kumbe mafuta inaisha."

Jenereta ilikuwa nzima kabisa. Mungu anisamehe.

"Tayari?" akasema, na kifundo kilikuwa kimeshafika upande wake, vidole vinakimbia. Akahifadhi, akarudisha, akavuta tena, akachapisha.

Karatasi ya baba ikatoka. Nikampa msomaji wetu aisome, ili iwe rasmi. Akaisoma kama Injili, mababu wote kwanza, kisha hivi, hata neno lililokatika:

"Mimi Paluku, ninasema mbele ya wote kwamba ukoo wa Kambale umenidharau. Mbuzi wawili waliowaleta, mmoja anakohoa. Kwa hiyo wakija kwangu Jumamosi wataku na mitungi minne ya pombe ya kasiksi, wazee wakae mbele karibu na mitungi. Bibi arusi atatoka kwa baraka za baba yake, ambaye ni mtu mpole kuliko wote Butembo."

Maman Kavira akatoa miwani, akaifuta. Kambale alikuwa anakodolea dari, mabega yanatikisika. Mlangoni Masika alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

Baba akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, akarudia mwisho.

"Hii ya mutu mupole, nani alisema?"

"Njo mimi, mukwe," akasema Mzee Mbusa.

"Ni hiyo peke yake iko ukweli."

"Bic iko hapa," akasema Mzee Mbusa, na alikuwa ameshaitoa kifuniko.

Baba akatia sahihi. Akamgeukia Kambale, akampa mkono, akamwambia, "Lakini mbuzi moja inakohoa. Hiyo mashine hapana changanya."

Harusi ikapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Sasa ilibaki kurekebisha. Kuondoa programu ya kuharakisha ilikuwa kazi ya dakika. Mashine ikawa goigoi, lakini ikisema imeandika, imeandika. Bado kulikuwa na yale madaftari mawili na mkono wa Maman Kavira.

Kambale ndiye aliyetupa dawa. Alisema karibu na Alimbongo kuna kipande cha matope, lori moja tu linapita, na huoni anayekuja upande wa pili. Zamani walikuwa wanakutana katikati, hakuna wa kurudi nyuma. Sasa kuna kijiti. Mwenye kijiti anapita, akifika ng'ambo anampa mwenzake. Huna kijiti, hata kama barabara ni nyeupe, husogei.

"Na siku moja," akasema, "dereva mumoja alivuka na kijiti mu mukono, akaenda kula kwa mama moja pale, akalala. Malori pande mbili, asubuhi mpaka jioni. Tunangoja mujinga mumoja."

Nilicheka sana. Nakumbuka nilivyocheka, nilishika mbavu.

Tukachonga kijiti cha mkaratusi, urefu wa kidole. Sheria: asiyekuwa na kijiti hagusi kifundo. Na unayepokea kijiti, kabla ya yote, unaiamuru mashine iiachie disk na kuishika tena, ili mashine yako isome daftari upya. Maman Kavira aliipenda sheria hii kama alivyozipenda Amri Kumi. Wiki nzima hakuna hata herufi moja iliyohama. Chef akaita watu tena waje waone.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilipiga tangazo la dada yangu mwenyewe. Kwamba yale ya mwanzo yalikuwa kosa, kwamba Kambale hakumuacha mtu, na wote wanaalikwa. Nililipiga vizuri, nikahifadhi, ikafika saa sita, nikasikia harufu ya maharage kutoka ng'ambo ya mji, nikaenda kula. Nyumbani kulikuwa na shughuli, wakanituma huku na huku, sikurudi tena.

Jumamosi kanisani niliona viti vingi vitupu. Ndugu wa karibu walikuwepo, majirani walikuwepo. Lakini ule mji niliokuwa naungoja haukuja. Baba anageuka nyuma kila mara.

"Batu bako wapi?" akaninong'oneza. "Redio hapana sema?"

Jasho lilinitoka. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta leso. Nikatoa kijiti.

Kwenye benchi la pili, Maman Kavira, Mprotestanti aliyekuja kwa heshima ya Masika, alikuwa ananiangalia, mikono imekunjwa juu ya mkoba. Baadaye nilijua kwamba Ijumaa alikaa hivyo hivyo mbele ya kifundo, mikono imekunjwa, mpaka saa kumi ikapita. Aliyetumwa kunitafuta hakunikuta; chef alimwomba, msomaji alimwomba. Aliwaambia sheria ni sheria. Siku ile kwa mara ya kwanza tangu redio ianzishwe, hakukuwa na matangazo. Walipiga nyimbo.

Kambale, akiwa amesimama mbele na suti ya kuazima, akageuka kidogo, akaona nilichoshika. Akainama kwangu kabla padri hajaanza.

"Shemeji," akasema, "yule dereva ya Alimbongo, nimemupata."

Mitungi minne ya kasiksi, watu thelathini. Tulikunywa siku tatu, na mbuzi anayekohoa alipona.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wawili kuandika mahali pamoja kwa haraka, hata wote wakiwa waaminifu, wanatengeneza uongo ambao hakuna aliyeusema. Na ukiweka kufuli, kwanza jiulize mwenye ufunguo anakula wapi. Jumatatu ile Maman Kavira alikuja na kamba ya katani, akafunga kijiti kwenye mguu wa meza, akakaza fundo mara tatu akiniangalia.

Yule kijana wa uzi wa kompyuta, kama unasoma, anza kuhesabu herufi. Na wajuvi wa humu, nimefungua mlango, niambieni nilikosea wapi kitaalamu. Ila msinijibu wote kwa wakati mmoja.